Ukuta wa Siku Kumi na Moja

Mtaani walimwita Fundi Laini, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hakuwa akiingia nyumba ya mtu bila kupapasa ukuta kwanza. Salamu baadaye, kiti baadaye, mkono kwanza ukutani, macho kayafumba, halafu anatoa hukumu: "Hapa laini. Hapa si laini. Hapa aliyepiga lipu alikuwa na haraka ya kwenda kula." Aliwahi kufanya hivyo hata msibani. Wenye nyumba wanalia, yeye yuko kwenye kona anapapasa, kichwa kakiegemeza ukutani, mpaka waombolezaji wakadhani uchungu umemzidi, wakamletea maji. Aliyanywa, akashukuru, akahamia ukuta wa pili.

Ila kwa kazi, tusimwonee. Mji ule una mtaa wa kale, vichochoro na nyumba za mawe za ghorofa moja moja zilizobanana, na nyuma yake kuna mji mpya unaokua bila kupumzika, wenye hoteli ya vioo ya ghorofa kumi na mbili ambayo asubuhi inawamulika watu machoni wakipiga mswaki. Watalii wanalala kwenye vioo, wanakuja kutembea kwenye mawe. Basi manispaa ikafungua Ofisi ya Urithi na kutoa sheria: nyumba ya kale haibomolewi, dirisha halibadilishwi bila kibali, na kiraka chochote lazima kifanane na ukuta wenyewe. Kwenye kufananisha kiraka na ukuta, mtu alikuwa mmoja tu.

Njia yake ilikuwa hii. Chokaa alikuwa akiiloweka shimoni mwaka mzima. Saruji hakuitaka hata kuisikia. Lipu ikishakauka, anachukua mtindi, anauzimua kwa maji ya majani ya chai, anaupaka ukutani kwa brashi pana. Mvua ya kwanza ikinyesha, ukungu wa kijani unaanza kuchungulia. Mvua ya tatu ikipita, ukuta wa juzi unaonekana umekuwepo tangu babu wa babu yako hajaota meno. Aliyeumia ni mkewe, maana mtindi wenyewe ulikuwa wa kifungua kinywa. "Mwanamume gani huyu," alikuwa akilalamika, "kuta anazinywesha mtindi, mimi nanywa chai ya rangi!"

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani ilikuwa ghorofani, kitanda ghorofani, na chini kulikuwa na ua na jiko tu. Kati ya juu na chini kulikuwa na ngazi ya vipandio kumi na saba, vya mawe, hakuna viwili vinavyolingana. Kushuka ile ngazi ukiwa na magoti mazima ni kazi. Na mama yule magoti yake yalishachoka: asubuhi yanagoma, jioni yanavimba, siku za baridi yanalia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Kwa miaka tisa Fundi Laini alikuwa akimwahidi kitu kimoja: "Mama, nitakujengea chumba chini. Utalala chini, utashona chini, ukitoka nje ni hatua tatu uko mlangoni na wenzako." Chumba hicho ndicho mama yule alichokitaka duniani. Hakutaka dhahabu, hakutaka safari. Chumba cha chini.

Nafasi ilikuwepo uani, lakini ua wenyewe ulikuwa umekatwa katikati na ukuta, na kila upande ukabaki mwembamba hivi kwamba hata kitanda cha mtu mmoja hakikai. Upande wa pili aliishi mdogo wake Fundi Laini, kwenye nusu nyingine ya nyumba waliyoachiwa na baba yao, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu. Mdogo mtu alisharidhia kutoa kipande chake cha ua kwa ajili ya magoti ya shemeji yake. Kilichobaki ni kuubomoa ukuta tu.

Na ukuta huo, wasomaji wangu, kaujenga Fundi Laini mwenyewe. Miaka kumi na tisa nyuma, mdogo wake alikuwa na redio. Alfajiri kabla hata jogoo hajakohoa, anaifungulia mpaka mwisho: habari, kisha matangazo ya vifo, kisha bei za sokoni. Fundi Laini aliomba kwa upole, akaomba kwa ukali, akaomba kwa kugonga sufuria. Mdogo mtu akaongeza sauti. Siku moja mdogo mtu kaenda kunyoa, Fundi Laini akavuka ua, akaichukua redio, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuificha chini ya gunia. Mdogo mtu aliporudi, kichwa kinang'aa, akakuta pengo mezani. "Kaka, umeniibia redio!"

Hapo ndipo Fundi Laini alipopandwa na jazba. Yeye! Kuitwa mwizi! Na mdogo wake wa tumbo moja! Hakuna mtu anayekasirika zaidi ya mwizi aliyeitwa mwizi. Akala kiapo kwamba hajaigusa redio na kwamba hatamtazama tena usoni, akaanza kuweka mawe siku hiyohiyo, na kwa siku kumi na moja akajenga ukuta katikati ya ua wa baba yao, kwa mawe na chokaa na hasira tupu. Ukuta ulipofika juu na redio imekosa pa kufichwa, aling'oa jiwe, akaichomeka humohumo ndani, safu ya nne kutoka chini, usawa wa bomba la maji. Kisha akapiga lipu, na kwa sababu alikuwa na hasira, akapaka mtindi mara mbili.

Siku ya tatu baada ya ukuta kukamilika, mdogo mtu alikuja mbio, uso umempauka, ndizi chane nzima mkononi, akaomba msamaha. Hakusema kilichomleta. Na Fundi Laini, sikilizeni ujasiri wa binadamu, akamsamehe! Akamsamehe kwa kumshuku. Wakala ndizi, wakatoboa upenyo mwishoni mwa ukuta wapate kupita, na maisha yakaendelea. Kwa nini asiubomoe wote? Kwa sababu alishaupenda. Katika maisha yake yote hakuwahi kupiga lipu laini kama ile.

Basi miaka ikaenda, magoti ya mama yakazidi, na safari hii Fundi Laini akakata shauri kweli. Matofali yakaletwa, yakapangwa uani. Nyundo kubwa ikaazimwa. Kubomoa ni Jumatatu. Na Jumamosi, saa nne asubuhi, hodi ikapigwa.

Alikuwa afisa wa Ofisi ya Urithi, binti mwenye miwani, viatu vya kazini, utepe wa kupimia shingoni na daftari kwapani. Hoteli ya vioo ilikuwa inatafuta mahali pa kuegesha magari, na chochote kisichoandikwa kwenye rejista ya urithi kilikuwa hatarini kuliwa. Kwa hiyo binti wa watu alikuwa anakimbia nyumba hadi nyumba, anaandika kabla greda halijafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu ndani."

Aliingia uani, akasimama. Hakutazama nyumba, hakutazama ngazi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akaweka kiganja, akafumba macho, akapapasa. Fundi Laini akasogea karibu, maana hakuwahi kumwona binadamu mwingine akifanya hivyo.

"Mzee," afisa akasema taratibu, "nyumba yenu ni ya kale, sawa. Lakini huu ukuta umeitangulia nyumba. Nyumba ndiyo iliyokuja kuufuata ukuta."

"Usiniambie!"

"Miaka mia tatu, kama si zaidi. Tazama huu mkono. Huyu hakuwa fundi wa kawaida. Mafundi wa leo hawawezi hivi, nisamehe mzee, najua nawe ni fundi."

Hapo mtu mwenye akili zake timamu angesema, binti, huo ni wangu, keti nikueleze. Hata Fundi Laini alifungua mdomo kwa nia hiyohiyo. Lakini mtu aliyepigia watu lipu miaka arobaini, na neno pekee alilowahi kuambiwa ni "umemaliza?", akivishwa kilemba cha ukoka anakifunga mwenyewe kwa mikono miwili. Kilichomtoka kinywani ni hiki: "Kwani unadhani huyo fundi alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtulivu," afisa akajibu. "Mtu asiye na hasira kabisa. Hapa hakuna papara hata chembe."

"Mtulivu," Fundi Laini akarudia, akalimung'unya neno lile kama peremende. "Na hapa kwenye kona je, umepaona? Hebu paguse hapa. Subiri nilete kiti. Unatumia chai?"

Walikaa saa nzima. Afisa alisifu, mzee akaonyesha pengine pa kusifiwa. Fomu ilipoletwa, akaitia saini kama mwenyeji na shahidi. Ilisema ukuta haubomolewi, hausogezwi, haupigwi msumari. Binti alipotoka ndipo mzee alipogeuka, akayaona matofali yamepangwa, na nyundo juu yake.

Dirisha la ghorofani lilikuwa wazi. "Nimesikia," mkewe akasema.

"Umesikia nini, mama?"

"Nimesikia kwamba ulikufa miaka mia tatu iliyopita, na ulikuwa mtulivu."

Akalifunga dirisha. Afadhali angetukana.

Sasa, mdogo mtu kazi yake ilikuwa kuongoza watalii. Alikuwa na mwavuli mwekundu wa kuinua juu ili wasipotee, na ulimi ambao haukuwahi kukwama. Alijua vizuri ukuta umri wake ni upi, aliuona ukijengwa, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikausha shati lake juu yake. Lakini karatasi ya serikali ikisema miaka mia tatu, yeye ni nani abishane na serikali? Jumatatu aliwaambia wageni ni ukuta wa mfanyabiashara tajiri. Jumatano ukawa wa malkia. Ijumaa malkia akapata waume wawili, mmoja kila upande wa ukuta, wasiojuana. Wiki ya pili, mtu akiugusa ukuta kwa kidole cha pete anaolewa mwaka huohuo, na wazee wa kizungu wenye wajukuu wakawa wanapanga foleni.

"Dogo," Fundi Laini akamwambia, "umepiga chuku mpaka chuku yenyewe imechoka."

"Kaka, mimi natia chumvi. Chakula umepika wewe."

Ua ukawa stendi. Kibao kikawekwa, USIGUSE, na chini yake watu wanagusa. Hoteli ya vioo ikauweka ukuta kwenye ratiba yake, baada ya kifungua kinywa na kabla ya kuogelea. Nguo za mama zikianikwa zinapigwa picha. Siku moja alishuka na beseni, na kwenye kipandio cha kumi na moja goti likamsaliti. Akateleza kwa makalio, kipandio baada ya kipandio, beseni mbele, yeye nyuma, mpaka chini kabisa, mbele ya watalii ishirini. Hakuvunjika. Ila kabla hajajiinua, shemeji yake alishainua mwavuli: "Na hivi ndivyo malkia alivyokuwa akishuka kuwalaki wageni." Walipiga makofi, na mwanamke mmoja akauliza kama atashuka tena.

Tangu siku ile mama hakushuka. Goti lilivimba, daktari akasema ngazi mwiko. Akawa anateremsha kikapu kwa kamba dirishani, Fundi Laini anatia mboga, mama anavuta. Watalii nao wakaona ni sehemu ya maonyesho. Kikapu kikawa kinapanda na biskuti, kadi za posta, miwani ya jua, na mzee mmoja alitia ufunguo wa chumba chake cha hoteli, hatujui alikusudia nini. Mama aliurudisha umefungwa kwenye kitambaa chenye mafundo mawili.

Tucheke, lakini tusisahau. Wiki ya tano, Fundi Laini alimpelekea uji juu, akamkuta kakaa dirishani.

"Muuza mboga kajifungua mapacha," mama akasema. "Nimesikia kwa dirisha, kama mfungwa. Nimemshonea mtu yule nguo zake zote za ujauzito, na sijaweza kwenda kumpa mkono." Akapokea uji. "Wewe ukuta wako unatembelewa na dunia nzima, mume wangu. Mimi nani ananitembelea?"

Aibu ilimkamata mzee yule mpaka akashindwa kushuka vipandio vyake mwenyewe. Kesho yake alivaa shati la kwendea ofisini, akaenda Ofisi ya Urithi.

"Binti, ule ukuta ni wangu. Nimeujenga mimi."

Afisa akavua miwani, akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, wiki hii wewe ni wa nne. Kila anayetaka kubomoa anakuja kuniambia kajenga yeye. Jana kuna mtu kaniambia kajenga mahakama."

"Mimi nakwambia kweli."

"Mimi nimesoma ripoti ya ule ukuta mbele ya wakubwa wote wa wizara, mzee. Walisimama wakanipigia makofi. Niletee ushahidi, nitaufuta kwa mkono wangu mwenyewe."

Ushahidi alikuwa nao. Ulikuwa safu ya nne kutoka chini, usawa wa bomba. Kuutoa ni kumwambia mdogo wake, baada ya miaka kumi na tisa ya kula pamoja, kwamba yule mwizi aliyemsamehe kwa kumwita mwizi alikuwa mwizi. Na ni kumrudishia binti lile neno lake "mtulivu". Alitembea kurudi nyumbani, akapita mlango wake, akarudi, akaupita tena. Watu wa mtaa wakadhani anapima barabara.

Siku ya Alhamisi akamwita afisa. Afisa alimkuta mdogo mtu yumo uani na kundi lake, mwavuli juu, malkia sasa ana mapacha. Fundi Laini akapita katikati yao. Alipiga magoti kando ya bomba, akatoa patasi, akagonga.

"Mzee! Hilo ni kosa la jinai!" afisa akapiga kelele.

"Nishike basi, lakini ningoje kwanza."

Lipu ikadondoka, jiwe likatoka, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Ukatoka na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, redio ndogo nyeusi yenye mpini, ambayo nyuma yake mdogo mtu mwenyewe aliwahi kuichora nyota kwa rangi ya kucha isije ikapotea.

Mdogo mtu alikuwa katikati ya sentensi.  Mwavuli ulishuka polepole mpaka ukamfunika kichwa.

"Nilichukua mimi," Fundi Laini akasema, bado kapiga magoti. "Ulikuwa umekwenda kunyoa. Nikaapa uongo, nikajenga ukuta kwa sababu ya uongo, na ukaja wewe kuniomba msamaha, nikala ndizi zako. Ukuta huu ni wangu. Hauna hata miaka ishirini."

Watalii, ambao hawakuelewa hata neno moja, walipiga makofi kwa nguvu kuliko siku zote. Mdogo mtu aliichukua redio, akaifuta kwa kiganja, akapita kwenye upenyo, akaingia kwake na kufunga mlango.

Afisa alikaa juu ya matofali. Akaweka daftari magotini. "Na ule ukungu wa kijani?" akauliza hatimaye.

"Mtindi, binti."

"Mtindi?"

"Na majani ya chai. Unazimua kidogo."

"Wakubwa walisimama kuupigia makofi mtindi," afisa akasema, akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika, hujui analia au anacheka. Alikuwa anafanya vyote viwili. "Mzee, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa unasema vizuri, binti yangu."

Akatoa fomu ya kufuta, akaijaza, akaweka saini yake, na mimi nasema pale palitaka moyo. Lakini fomu ilitaka saini za wenye ua wote wawili, na mmoja wao alikuwa kajifungia. Siku ya kwanza Fundi Laini alibisha hodi, hakufunguliwa. Siku ya pili akaomba radhi mbele ya mlango mtupu, mpaka akaanza kuupapasa bila kujijua, ndani ikasikika sauti: "Usiniguse mlango!" Siku ya tatu kutwa nzima hakuna aliyetoka, watalii wamepungua, na mama yuko juu.

Saa kumi jioni dirisha la ghorofani likafunguka. "Shemeji!" mama akaita. "Toka nikuone. Nina neno, na siwezi kushuka kukuletea."

Kwa mama mlango ulifunguka. Mdogo mtu akatoka, kanuna, redio kwapani, akasimama chini ya dirisha.

"Ukimnunia kaka yako na mimi ninunie," mama akasema. "Nilijua iko wapi. Niliisikia."

"Umeisikia vipi, shemeji?"

"Huyu mzee alipoichomeka ilijiwasha, akaizika bila kuizima! Siku mbili nzima ukuta ulikuwa unasoma habari. Niliimba mpaka koo likanikauka, kuifunika usiisikie. Betri zilipokufa nikashukuru Mungu."

Fundi Laini alikuwa wa kwanza kushtuka. Miaka kumi na tisa anaamini siri ni yake peke yake, kumbe alilala nayo kitanda kimoja. Lakini mdogo mtu alishtuka zaidi. Alishika ukuta, akakaa chini.

"Ilikuwa redio?" akasema kwa sauti ndogo. "Ile sauti ilikuwa redio?"

"Sauti gani?"

"Alfajiri! Ukutani! Sauti ya mzee, ya chini chini, inasema mazishi, mazishi. Nimeganda. Halafu ikataja bei ya vitunguu." Akawatazama mmoja mmoja. "Bei ya vitunguu, kaka! Nani mwingine angenisomea bei ya vitunguu kutoka kaburini kama si baba? Nikajua amekasirika tumegawana ua wake. Ningefanya nini? Nikanunua ndizi nikaja mbio."

Kicheko kilianzia dirishani. Mama alicheka mpaka akashika fremu ya dirisha, Fundi Laini akacheka kwa kuchelewachelewa, akiogopa, na mdogo mtu akajitahidi kununa, akajitahidi sana, midomo ikamshinda. Walicheka mpaka muuza mboga akaja na mapacha wake kuuliza kuna nini.

"Lete hiyo fomu," mdogo mtu akasema akijifuta macho. "Lakini sijakusamehe. Nyundo ya kwanza napiga mimi."

Akapiga ya kwanza, na ya pili, na ya arobaini. Kila pigo alitaja kitu alichokosa kusikiliza: fainali, uchaguzi, hali ya hewa. Kwa siku moja, kilichojengwa siku kumi na moja kilikuwa chini.

Afisa naye hakulala kwenye aibu. Alimchukua Fundi Laini, wakazunguka nyumba zote thelathini na moja alizoziandika, mzee anapapasa, binti anashika kalamu roho mkononi. "Hii yangu. Futa. Hii ya baba mkwe wa jirani, ya juzi tu. Hii yangu, nilikuwa na homa, tazama ilivyopinda. Hii..." Mkono ukabaki pale. "Hii ya kale kweli, binti. Huyu simfikii. Hii andika, na mtu wa hoteli akija na greda niite mimi kwanza." Zilibaki kumi na nne, na hizo kumi na nne hakuna aliyezigusa. Mdogo mtu akahamishia mwavuli wake huko, na kwa masharti ya afisa malkia akabakiziwa mume mmoja.

Chumba kilichukua wiki tatu. Matofali ya kawaida, dirisha pana, na milango miwili yenye vizingiti vya chini, mmoja wa uani, mmoja wa kichochoroni. Lakini lipu ya ndani Fundi Laini aliipiga kwa namna ambayo hata mimi nikiielezea mtasema naongopa. Aliipitia mara sita. Alikuwa akiweka shavu ukutani.

Siku ilipofika, ndugu wawili walimkalisha mama kwenye kiti, wakamteremsha vipandio kumi na saba, mmoja mbele mmoja nyuma, wakigombana njia nzima nani anayeinamisha. Walipofika chini akawaambia wamwache. Akasimama, akaupita mlango wa uani wa chumba kipya, akazungusha macho mara moja: kitanda, cherehani, dirisha. Fundi Laini alikuwa kasimama pembeni, mikono nyuma, anasubiri.

Mama hakukawia. Hatua tatu, akatokea upande wa kichochoroni, akavuta kigoda, akakaa mlangoni, miguu kainyoosha juani.

"He! Umefufuka!" akapaza mtu wa ng'ambo ya kichochoro. Mwingine akaja, akaja muuza mboga, mtoto mmoja akawekwa mapajani mwa mama, wa pili akafuata. Nani kahama, nani kaoa, nani kapaka mlango rangi mbaya namna ile bila kibali? Alikuwa anauliza yote kwa mpigo, na anajibu mengine kabla hajaambiwa. Mzee hakuwa amemsikia akiongea hivyo kwa miaka mingi, na wala hakuwa amegundua kwamba alikuwa ameacha.

Alisubiri neno kuhusu lipu. Halikuja. Neno lake mwenyewe lilifika mpaka kwenye ulimi, amwambie mama, hebu kwanza rudi ndani uguse hapa. Akalimeza. Akaenda kuleta kigoda cha pili, akakaa kando yake, na akapokea pacha mmoja, maana mama alikuwa anahitaji mkono wa kuongelea.